Wataje wenye walifanya: bila blanco, bila mawe ku msikiti



Tangu mwezi wa kwanza 2025, wakati tajiri Elon Musk alianza kuandika karibu kila siku ku X juu ya wasichana wa Uingereza, ile habari imefika mpaka ku simu zetu huku. Watu wanatumiana vipande vya video ku magrupu ya WhatsApp, na chini yake wanaandika: «Muone vile Waislamu wako.» Mwingine anakasirika, anajibu: «Huo ni uongo wa wazungu wenye hawapendi Waislamu, hakuna kitu kama hicho.» Wanaanza kutukanana, grupu inagawanyika, admin anafunga. Juu ya wale wasichana wenyewe, hakuna mwenye ameandika hata mstari mmoja.

Mimi nilisoma sheria. Diplome iko ku sanduku, kazi sina, basi wakati wa kusoma ripoti za nchi za watu ninao mwingi. Nimesoma, na naleta hapa mambo yenye nimeyakuta, ju vile tunabishana juu ya Uingereza njo vile vile tunabishana juu ya makosa ya hapa kwetu.

Kwanza: habari iko. Ni ya kweli, na ni mbaya kuliko vile video inaonyesha.

Rotherham ni mji wa kaskazini ya Uingereza, mji wa zamani wa makaa ya mawe na chuma. Tarehe 26 mwezi wa 8 mwaka 2014, Profesa Alexis Jay alitoa ripoti yenye komini ya mji yenyewe ilimuomba afanye. Alikadiria, tena kwa hesabu ya chini, kwamba kati ya 1997 na 2013 watoto 1400 walitumikishwa kingono katika huo mji mmoja tu. Wengine walikuwa na miaka 11. Na wanaume wenye watoto waliwataja, wengi walikuwa na asili ya Pakistani. Hiyo sentensi iko ndani ya ripoti. Siwezi kuiondoa ju jirani yangu anaswali ijumaa na ni mtu mzuri.

Sasa namna walikuwa wanafanya. Kurubuni mtoto hakuanzaki na nguvu. Kijana wa miaka 20 na kitu anasimama karibu na shule, au fasi wanauzisha chakula usiku, anamuita msichana wa miaka 13 «mpenzi». Anamtembeza ku gari, anampa sigara, chips, kredi ya simu, pombe. Siku za kwanza hakuna deni. Kisha miezi fulani, deni inakuja: vyote vile nilikupa, sasa lipa, na kulipa ni kulala na rafiki wangu, kisha na kaka ya rafiki wangu, kisha na watu wenye hujawahi kuwaona. Akikataa, wanamtisha na wadogo wake nyumbani. Ripoti inasema kuna watoto walimwagiwa petroli na kuambiwa watachomwa. Taksi zilifanya kazi kubwa katika hiyo biashara, ju taksi njo inatembea usiku, inabeba mtoto kutoka nyumba moja mpaka nyingine, mpaka mji mwingine, na hakuna mwenye anauliza. Kila dada mwenye anasoma hapa anajua huo mchezo. Badilisha gari na pikipiki, chips na mandazi, utaona avenue yako.

Kuna fasi moja ku ile ripoti niliisoma mara tatu ju nilifikiri Kingereza yangu imekosea. Mara mbili, baba ya mtoto alitafuta binti yake, akafika mpaka ku nyumba yenye alikuwa anafanyiwa hayo mabaya, akajaribu kumtoa. Polisi ikafika. Mwenye polisi ilikamata ni baba.

Ju ya nini serikali ya nchi tajiri namna ile ilinyamaza miaka 16? Ku ripoti majibu yako mawili, na watu wa WhatsApp wanachukuaka paka moja.

Jibu la kwanza ni woga. Wafanyakazi kadhaa walimuambia Jay kwamba walikuwa wanaogopa kusema asili ya wale wanaume ili wasiitwe wabaguzi wa rangi, na wengine waliambiwa wazi na wakubwa wao wasiiguse hiyo maneno. Mwaka 2025 mama mwingine, Louise Casey, alifanya uchunguzi wa nchi nzima. Alisema wakati alikuwa anafungua faili ya mtoto mmoja, alikuta neno «Pakistani» limepakwa blanco. Blanco ile ile tulikuwa tunatumia ku shule! Mtu alikaa ku biro yake, akachukua kachupa, akafuta, akapuliza ikauka, akaendelea na kazi. Na katika ile hesabu ya nchi nzima, Casey alikuta kwamba kwa wafanya makosa wawili ku watatu, asili yao haikuandikwa kabisa.

Jibu la pili ni dharau, na hili halitembeaki ku video. Hawa wasichana wengi walikuwa watoto wa maskini, wengine wa nyumba za serikali, wenye kukimbia shule, wenye kunywa. Polisi ilikuwa inaona ni watoto wabaya wenye wamechagua maisha yao. Sheria yenyewe ya Uingereza ilikuwa bado inasema «umalaya wa watoto», mpaka mwaka 2015 njo walifuta hayo maneno. Ku mji wa Rochdale, karibu na Manchester, msichana mmoja alienda polisi mwaka 2008, akaeleza yote, alama za ADN za mwanaume mmoja zikapatikana ku nguo zake. Mwaka 2009 waendesha mashtaka wakafunga faili. Walisema hawezi kuaminika mbele ya tribinali. Ku mji ule ule, mfanyakazi wa afya Sara Rowbotham na wenzake walikuwa wanaandikia wakubwa juu ya watoto kama huyo, zaidi ya mara 180 kati ya 2005 na 2011. Kamji kamoja, barua 180.

Mimi naona hii sababu ya pili ni nzito kuliko ya kwanza. Polisi ya Uingereza haijawahi kuwa na haya ya kusimamisha vijana weusi na Waasia ku barabara na kuwapekua mifuko. Haya ya kugusa jamii ya watu ilitokea wapi ghafula, paka siku msichana maskini analia ku mlango? Woga ulikuwepo, sikatai, umeandikwa. Lakini woga ulikuta dharau imeshakaa ku kiti.

Na nani alifungua tena ile faili ya Rochdale? Mwaka 2011 kulifika mwendesha mashtaka mkuu mupya wa kaskazini-magharibi, procureur vile tunasema huku. Jina lake Nazir Afzal. Amezaliwa Birmingham, wazazi wake wametoka Pakistani, ni Mwislamu. Alisoma ile faili, akasema huyu msichana anasema kweli, akageuza uamuzi wa wenzake. Mwezi wa 5 mwaka 2012 wanaume 9 walihukumiwa. Sasa wewe mwenye unaandika «Waislamu waliwaficha wenzao», huyu unamuweka wapi? Faili ilifungwa na mtu mwenye hatujui hata anasali fasi gani, na ikafunguliwa na Mwislamu. Kama dini njo inaeleza yote, inapaswa kueleza na hiyo.

Kuna kitu kingine chenye kimenishangaza zaidi. Mwaka 2013 shirika la akina mama Waislamu wa Uingereza, Muslim Women's Network, lilitoa ripoti yake. Walikusanya habari za wasichana 35, wengi wao Waislamu na wenye asili ya Asia, wenye walirubuniwa kwa njia ile ile. Waliwarudisha nyuma kwa aibu: mwanaume anapiga picha, anasema nitapeleka kwa baba yako, kwa mjomba wako, utaona nani atakuoa. Msichana ananyamaza ju anajua vile jina la familia linachungwa. Wale hawakuingia ku video hata moja. Mwenye anasema «wanarubuni paka wazungu, ni vita ya dini», anawafuta. Mwenye anasema «habari haiko, ni uongo», anawafuta pia. Na kama barabara nzima inapiga kelele kwamba kila nyumba ya Mwislamu ni nyumba ya wabakaji, mama ya huyo binti atamfungulia nani mlango aende kushitaki? Atafunga mara mbili.

Jay mwenyewe alisema kitu chenye kinatugusa sisi wa Kongo kabisa. Komini ya Rotherham, kila wakati ilitaka kuongea na jamii ya Wapakistani, ilikuwa inaita washauri wa komini na maimamu, wanaume watupu, na inaona imemaliza kazi. Akina mama wa ile jamii walikuwa wanajua mambo, na hakuna mwenye aliwauliza. Tunaijua hiyo. Wakati ONG au gavana anataka «kuongea na jamii», anaita shefu, pasta, sheikh, mwenyekiti wa vijana mwenye ana miaka 48, wanakunywa soda, wanapiga picha. Mama mwenye anauzisha unga ku kona, mwenye anaona kila usiku mtoto gani anapanda gari gani, yeye hana kiti.

Kwa hiyo wakati nasema tusilaumu dini nzima, msifikiri naomba adabu. Adabu ilikuwa tayari ku Rotherham, njo ilipaka blanco. Nasema ni hesabu ya matokeo, na matokeo yameonekana.

Mwezi wa 8 mwaka 2015, ku Rotherham ile ile, mzee wa miaka 81 alikuwa anaenda msikitini kusali. Wanaume wawili walimkuta njiani, wakamuita mrubuni wa watoto, wakampiga mpaka akafa. Mzee wa miaka 81, mwenye hakuwa na kesi yoyote. Mwezi wa 6 mwaka 2017, mwanaume mmoja, Darren Osborne, aliangalia ku BBC filme juu ya wasichana wa Rochdale. Hasira ilimushika. Haikumpeleka kwa polisi ya Rochdale yenye ilifunga faili, wala kwa wale waliohukumiwa. Alikodisha gari, akatoka Cardiff mpaka London, akaiingiza katikati ya watu wenye walikuwa wanatoka kusali usiku wa Ramadani, Finsbury Park. Mtu mmoja alikufa, wengine wengi waliumia. Hakuna msichana hata mmoja wa Rochdale mwenye alipata haki siku hiyo.

Na hiyo kelele inaweza hata kuokoa wenye makosa. Mwaka 2018 kulikuwa kesi kubwa ya watu wa Huddersfield, tribinali ya Leeds. Jaji alikuwa amekataza kutangaza mpaka iishe, ili wazee wa baraza wasichafuliwe akili na mambo ya nje. Tommy Robinson, mwenye amejijenga jina kwa kupigana na Waislamu, akaenda ku mlango wa tribinali na simu yake, akapiga video ya moja kwa moja, akawasukumia maswali watuhumiwa, watu elfu na elfu wakaangalia. Mawakili wa watuhumiwa wakafurahi! Wakaomba kesi ivunjwe ju ya hiyo video. Fikiri kidogo: wasichana wamengojea miaka, wamesimama mbele ya watu kueleza aibu yao, na mwenye anajiita mtetezi wao anawapatia wakili wa mbakaji mlango wa kutokea. Jaji alikataa, kesi ikaendelea, wanaume 20 wakahukumiwa. Robinson mwenyewe alifungwa mwaka 2019 ju ya kudharau tribinali. Mashabiki wake wakasema amefungwa ju ya kusema ukweli.

Hizo hesabu zenye hazikuandikwa, zina bei yao pia. Casey alisema wazi kwamba ku polisi tatu za kaskazini zenye ziliandika vizuri, wanaume wenye asili ya Asia wanaonekana wengi kupita idadi yao, na kwamba serikali ilipaswa kuchunguza hiyo maneno miaka mingi bila kuogopa. Alisema pia kwamba kwa nchi nzima hesabu haitoshi kusema kitu cha uhakika. Mambo yote mawili yako ndani ya ripoti moja. Lakini kama serikali haiandike, kila mtu anajaza ile fasi nyeupe na chuki yake. Wenye kupaka blanco walifikiri wanachunga amani, kumbe walikuwa wanamuandikia Robinson hotuba zake.

Sisi wengi hapa ni Wakristo. Basi tuangalie na upande wetu, ju hadithi ya pili ya Uingereza haitumiwaki ku magrupu yetu.

John Smyth alikuwa wakili mkubwa, Mwanglikana wa kuheshimiwa, mwenye kuongoza kambi za likizo za vijana Wakristo. Alichagua wavulana, akawazoesha, akawaalika nyumbani kwake chakula cha siku ya Mungu, akawapeleka ku kibanda cha nyuma ya bustani, akawapiga fimbo mpaka damu, huku anawaambia ni njia ya kutubu. Mwaka 1982 watu wa kanisa waliandika ripoti ya siri juu yake. Hawakuipeleka polisi. Waliogopa kuharibu «kazi ya Mungu». Mwaka 1984 alihamia wapi? Zimbabwe. Huku Afrika. Akafungua kambi zingine, akaanza tena na watoto wa huku. Blanco ya wale wachungaji ilisafirisha mtu mbaya mpaka ku bara letu. Alikufa mwaka 2018 Afrika Kusini bila kusimama mbele ya tribinali. Ripoti ya kweli ilitoka mwezi wa 11 mwaka 2024, na siku chache nyuma yake Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, akajiuzulu, ju aliambiwa mwaka 2013 na hakufuatilia sawa vile alipaswa.

Smyth hakuwa peke yake. Tume ya Uingereza juu ya mateso ya watoto, yenye Alexis Jay huyo huyo aliongoza, ilihesabu watu 390 wa Kanisa la Anglikana, mapadri na wenye madaraka, wenye walihukumiwa kwa makosa ya kingono juu ya watoto, kutoka miaka ya 1940 mpaka 2018. Hakuna mwenye aliandika ku grupu yetu: «Muone vile Waanglikana wako.» Hakuna mzee wa Kianglikana mwenye alipigwa akienda ibada. Na ni sawa vile! Watu waliuliza maswali ya haki: nani aliambiwa, mwaka gani, aliandika nini, alinyamazia nani. Askofu akaondoka ku kiti. Hayo maswali njo yalipaswa kuulizwa ku Rotherham kutoka siku ya kwanza, na yanatosha.

Turudi nyumbani, ju hapa tunajua kufanya vizuri, tumesahau tu. Kavumu, Kivu ya Kusini, kati ya 2013 na 2016: karibu watoto wasichana 40 walichukuliwa usiku ku nyumba zao na kubakwa, wengine hawajafikisha hata mwaka. Wanamgambo wenye walifanya hayo walijiita Djeshi ya Yesu. Yesu mwenyewe, jina lake liko ku bendera! Mkubwa wao alikuwa mbunge wa jimbo, Frédéric Batumike. Nani kati yetu alisema Wakristo ni wabakaji wa watoto? Nani alitupa jiwe ku parokia? Wazazi, madaktari wa Panzi, wanasheria, watetezi wa haki, wote walitafuta watu: nani, usiku gani, anamtumikia nani, nani anamchunga asiguswe. Ilikuwa mbunge mwenye kinga, na bado walimfikia. Mwezi wa 12 mwaka 2017 tribinali ya kijeshi ilikaa pale pale Kavumu, watoto wakasikilizwa bila sura zao kuonekana, na watu 11 wakahukumiwa kifungo cha maisha. Kesi yenye ilifanyika ku kijiji cha Kongo, na serikali yetu hii hii yenye tunaijua, iliheshimu watoto kuliko vile Rochdale iliwaheshimu mwaka 2009.

Lakini upande wa Beni, ju ya ADF, hiyo akili inatupotea. ADF wanarubuni vijana kila mwaka: wanaahidi masomo, wanaahidi kazi, wanaahidi pesa ya biashara, na mtoto anajikuta ku pori. Ni uhalifu, na wenye kukusanya hao watoto wana majina na namba za simu. Badala ya kuyatafuta, kuna watu wanaangalia kofia na kanzu. Tarehe 1 mwezi wa 5 mwaka 2021, Sheikh Ali Amini, mwenye alikuwa anahubiri wazi wazi juu ya ubaya wa hao watu, alipigwa risasi ndani ya msikiti mkubwa wa Beni, ku sala ya jioni. Siku 17 tu nyuma yake, imamu mwingine akauawa Mavivi. Yaani mwenye alisema ukweli kutoka ndani ya jamii yake, wauaji walimmaliza upande moja, na upande mwingine majirani walikuwa wanamshuku. Nani atasema tena kisha yeye?

Kwa hiyo mimi nitaendelea kusema «wanaume wenye asili ya Pakistani ku Rotherham» wakati naongea juu ya Rotherham, ju njo vile ilikuwa. Nitasema taksi, nitasema komini, nitasema polisi ya South Yorkshire, nitasema mwaka. Sitasema «Waislamu». Neno hilo linaingiza ndani yake Nazir Afzal, na mzee wa miaka 81, na wale wasichana 35, na linaacha nje mkubwa wa polisi mwenye alikamata baba. Ni neno pana sana na bado linakosa wenye makosa. Kama mtu ananiambia kwamba kutaja asili ni ubaguzi, nitamjibu na ile faili yenye blanco. Na ukiwa na video, angalia kwanza kama inaonyesha uso wa mtoto. Kama inaonyesha, futa, hata kama maneno ya chini yake ni mazuri. Yule mtoto atakuwa na miaka 30 siku moja, na ile video itakuwa bado inatembea.

Mwezi wa 6 mwaka 2025 serikali ya Uingereza ilikubali kufungua uchunguzi mupya wa nchi nzima. Ni kazi yao, tutafuata. Sisi tuna yetu. Sheria zetu za tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 2006 juu ya ubakaji ziko wazi kuliko vile watu wanafikiri. Malipo ya pesa hayazimi kesi ya ubakaji, hata kama familia mbili zimekubaliana mbuzi na bidoni za kasiksi. OPJ mwenye amepokea hiyo kesi ana masaa 24 ya kujulisha parke. Kuchunguza, mwezi moja. Kuhukumu, miezi mitatu.

Sasa, ku kartiye yako, kuna ule mtoto wa mwaka jana wenye watu wote wanajua na hakuna mwenye anaongea, ju mwenye alifanya anaimba ku korali, ao anaswali mstari wa mbele, ao ni motari wa shefu. Dini yake usiiulize. Enda na mama wa mtoto, akikubali, na mtu mwingine wa tatu mwenye anajua kuandika. Omba namba ya PV. Uliza iliandikwa tarehe gani, saa ngapi, na parke ilijulishwa lini. Andika jina la OPJ mwenye amekujibu, na kama amekataa kukujibu, andika hiyo pia.